Chakula cha mbwa wadogo: 'Bila nafaka' si kipimo cha ubora

MBWA wa Delta ya Rufiji hanunuliwi chakula dukani. Hula kinachobaki jikoni kwa mwenye mbwa: ukoko wa wali, ugali, kipande cha muhogo, na wavuvi wanaporejea na samaki, hupata vichwa na mifupa. Kazi yake ni kulinda shamba dhidi ya nguruwe pori na ngedere, na makazi yake ni nje, kwani wakazi wengi wa huko ni Waislamu, ambao hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na mawindo, si kwa kuishi naye chumbani.

Hali ni tofauti mijini, ambako mbwa wa jamii ndogo kama Maltese, Chihuahua na Shih Tzu hulala ndani na kununuliwa chakula cha viwandani. Miongoni mwa vyakula hivyo vipo vinavyoandikwa kwamba havina nafaka, na mara nyingi bei yake huwa ya juu. Je, mfugaji anayelipa fedha hizo anamnunulia mbwa wake afya, au ananunua maandishi tu?

Jibu linaweza kuanzia huko huko Rufiji na Kibiti, kwa sababu mkulima wa maeneo hayo huvuna vyakula viwili vya wanga: mpunga, ambao ni nafaka, na muhogo, ambao si nafaka.

Muhogo si nafaka, lakini si nyama

Mfugaji akiamua leo kumnyima mbwa wake ugali na wali, akampa muhogo uliochemshwa, atakuwa ametimiza sharti la "bila nafaka". Hata hivyo, mbwa huyo atakuwa amepoteza badala ya kupata. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini ya kiasi cha gramu moja na nusu tu, wakati gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu saba hadi tisa. Aidha, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri hutoa sumu ya sianidi, ambayo huweza kumuua mbwa kama inavyoweza kumuua binadamu.

Viwandani nako hali hiyo hujitokeza. Nafaka inapoondolewa, nafasi yake si lazima ichukuliwe na nyama. Mara nyingi huchukuliwa na viazi, muhogo, njegere au dengu. Kwa hiyo chakula kisicho na nafaka chaweza kuwa na wanga mwingi.

Mbwa anaweza kumeng'enya nafaka

Wapo wanaoamini kwamba mbwa, kwa kuwa ana asili ya mbwa mwitu, hawezi kumeng'enya nafaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kuliko mbwa mwitu. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya binadamu yalimbadilisha. Wali na ugali vilivyoiva vizuri humpa nguvu, ingawa havimtoshi peke yake.

Kuhusu mzio, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyohusu mbwa 297 wenye mzio wa chakula unaoathiri ngozi, yalionyesha kwamba nyama ya ng'ombe ilihusika kwa asilimia 34, maziwa na mazao yake asilimia 17, kuku asilimia 15 na ngano asilimia 13. Mahindi yalihusika kwa asilimia 4 tu. Mbwa anayejikuna apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwani viroboto na kupe husababisha muwasho pia.

Tahadhari kutoka Marekani

Julai 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo kutanuka na misuli yake kudhoofika, wengi wao wakiwa wanakula vyakula visivyo na nafaka. Katika taarifa yake ya mwaka 2019, zaidi ya asilimia 90 ya vyakula vilivyotajwa havikuwa na nafaka, na asilimia 93 vilikuwa na njegere au dengu. Desemba 2022 mamlaka hiyo ilieleza kwamba takwimu zilizokusanywa hazitoshi kuthibitisha kuwa chakula ndicho chanzo. Ni vyema basi mfugaji asichague chakula hicho bila sababu ya kitabibu.

Hatari ya kweli ni ukungu

Nafaka ya kuogopwa ni ile iliyoharibika. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haimalizwi na moto wa kupikia. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kati ya 317 walioathirika, na mwaka 2016 watu 20 walifariki kati ya 68 walioathirika katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mbwa huathirika kwa urahisi na sumu hiyo. Mwaka 2005 zaidi ya mbwa 100 walikufa nchini Marekani kutokana na chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Wapo wanaotenga mahindi yaliyooza wakisema "haya ni ya mbwa". Tabia hiyo iachwe. Makopa ya muhogo yenye ukungu nayo yatupwe. Dalili za kuangalia ni kukosa hamu ya kula, kutapika, uchovu, na ufizi au macho kuwa ya njano.

Mahitaji ya mbwa mdogo

Mbwa mdogo huhitaji nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa hesabu inayotumiwa na madaktari wa mifugo, mbwa wa kilo 3 akiwa amepumzika huhitaji kiasi cha kalori 53 kwa kila kilo, wakati wa kilo 30 huhitaji kiasi cha 30. Lakini tumbo lake ni dogo. Akijazwa ugali mtupu hushiba kabla ya kupata protini ya kumtosha.

Mtoto wa mbwa wa jamii ndogo hukabiliwa na hatari zaidi, kwani sukari ya mwili wake hushuka haraka anapokaa na njaa. Huweza kutetemeka, kulegea na hata kufa. Alishwe mara nne kwa siku hadi atimize miezi mitatu au minne, kisha mara tatu. Chakula cha watoto kiendelee hadi afikishe miezi 10 au 12.

Jinsi ya kuchagua

Unaponunua, soma maelezo ya nyuma ya mfuko, si maandishi makubwa ya mbele. Tafuta maneno yanayoeleza kwamba chakula ni kamili na kinafaa kwa umri wa mbwa wako. Viwango vya Marekani hutaka protini isiyopungua asilimia 22.5 kwa watoto na asilimia 18 kwa mbwa wazima, ikipimwa bila maji. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na epuka chakula cha kupima kutoka gunia lililoachwa wazi.

Anayepika nyumbani achanganye wali au viazi vitamu na samaki aliyeiva asiye na miiba, yai au nyama. Dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi walowekwe na kuoshwa kwanza. Nyama bila mfupa ina upungufu mkubwa wa madini ya chokaa, hivyo daktari wa mifugo aulizwe kuhusu nyongeza ya madini, hasa kwa mbwa anayekua. Mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, zabibu na chokoleti visitolewe kabisa.

Kwa mfugaji wa Kibiti, kichwa cha samaki kilichochemshwa, kikaondolewa miiba na kuchanganywa na wali safi, ni hatua kubwa kuliko kuondoa nafaka. Kwa mfugaji wa mjini, fedha za ziada zitafaa zaidi zikitumika kununua chakula kamili kilichohifadhiwa vizuri, na kulipia chanjo ya kichaa cha mbwa.