Mashine Haioni Mtoto, Mtu Ndiye Huona

Ile picha ya skani watu huposti wakitangaza mimba, teknolojia yake ilikuwa ya kutafuta nyufa kwa vyuma. Sibahatishi.

Mwaka wa 1955, Profesa Ian Donald, daktari wa wanawake huko Glasgow, Scotland, alibeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa wake akaenda nao kwa kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox, mjini Renfrew. Kiwandani kulikuwa na mashine ya kutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Yakipata ufa ndani ya chuma, yanarudi. Donald, ambaye aliijua rada akiwa daktari wa jeshi la anga, alijaribu mawimbi hayo kwa uvimbe, halafu kwa kipande cha nyama ya ng'ombe ili alinganishe. Mwangwi ulirudi tofauti. Uvimbe wa maji haukufanana na uvimbe mgumu.

Baadaye injinia kijana, Tom Brown, akaunda mashine ya kutoa picha. Mwaka wa 1958, yeye, Donald na Dkt. John MacVicar walichapisha matokeo kwenye jarida la Lancet. Kuna mama mmoja aliyekuwa ameambiwa ana kansa isiyotibika. Skani ikaonyesha ni uvimbe wa maji kwa ovari. Akafanyiwa upasuaji, akapona.

Sasa skiza. Zile picha za kwanza zilikuwa mistari meupe tu kwa giza. Hakukuwa na chuo cha kukufunza kuzisoma. Walijifunza vipi? Wanasoma picha, mgonjwa anapasuliwa, wanalinganisha walichodhani na kilichopatikana. Walikosea, wakarekebisha, wakaendelea. Miaka ya mwanzo ya 1960 Donald akagundua kuwa kibofu kikijaa, matumbo husukumwa kando na mimba changa inaonekana. Ndio maana mpaka leo unaweza kuambiwa unywe maji kwanza. Hiyo haikuwa mashine mpya, ilikuwa akili ya mtu anayeitumia.

Hapo ndipo Kenya huniudhi. Tunapenda kukata utepe. Mashine ikifika kaunti, viongozi wanapigwa picha nayo, kisha inakaa ndani ya chumba ikingoja mtu mmoja anayejua kuitumia, na leo hayuko.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apate skani moja kabla ya wiki 24. Wataalamu wa picha hawatoshi kufikia kila zahanati. Ndio maana mafunzo ya wakunga, ambayo yameanza hapa kwetu kwa zile mashine ndogo za mkononi, ni kitu kubwa. Mkunga hahitaji kujua kila kitu. Moyo unapiga? Ni pacha? Mtoto amekaaje? Kondo la nyuma limeziba njia? Hayo manne yanaweza kuamua mama atazalia wapi, na kama atafika mapema.

Lakini si semina ya siku mbili na cheti. Skani ikisomwa vibaya, mama anaambiwa "uko sawa" na anarudi nyumbani na hatari yake.

Kwa hivyo gavana akizindua mashine nyingine, usiulize bei pekee. Uliza nani amefunzwa, kwa muda gani, na nani anakagua kazi yake.