Mwanga Kwenye Ngozi

Mwaka 1661 Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaona mishipa midogo mno inayounganisha ateri na vena. Kuipima ndani ya binadamu aliye hai lilikuwa jambo jingine.

Katika miaka ya 1930, Alrick Hertzman wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, alimulika ngozi na kupima mwanga uliorudi. Damu hufyonza mwanga. Kila pigo la moyo linapoijaza mishipa ya ngozi, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kwa mabadiliko hayo alilinganisha wingi wa damu katika sehemu mbalimbali za ngozi, bila sindano wala kisu.

Ajabu ni kwamba Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, aliyaona mapigo hayo kama kero tupu. Yalimvurugia vipimo vya damu itokayo moyoni. Kisha akaigeuza kero hiyo kuwa msaada: alilinganisha mapigo katika mwanga mwekundu na ule wa infraredi, akakadiria oksijeni ya damu ya ateri. Matokeo aliyatoa mwaka 1974.

Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi, vibanio vya kidoleni vinavyopima oksijeni kwa njia hiyo hukosa kugundua upungufu wake mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Melanini, rangi ya ngozi, nayo hufyonza mwanga.