Kondoa: Shanga Zilizofunikwa na Kivuli cha Michoro

Vipeperushi vya watalii hupenda tarakimu kubwa. Kimoja kitakwambia michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania ya kati, ina miaka 10,000, kingine 30,000, cha tatu kinapanda hadi 50,000 bila hata kutweta. Wanafunzi huzinakili kwenye insha, magazeti huzirudia, na baada ya muda uvumi unavaa koti la ukweli. Tatizo ni kwamba hakuna tarehe inayokubalika iliyowahi kutolewa kwenye rangi ya michoro ile myekundu yenyewe. Rangi hiyo ni ngeu, yaani udongo wenye madini ya chuma. Ngeu haina kaboni ya kiumbe hai, na kipimo cha kaboni ndicho wataalamu hutegemea zaidi wanapotaka kujua umri wa vitu vya kale. Anayetaja tarakimu moja kwa uhakika anapiga ramli.

Ninaelewa tamaa hii inatoka wapi. Kwa muda mrefu historia ya chimbuko la sanaa ilisimuliwa kana kwamba binadamu alijifunza kuchora Ulaya. Tunaambiwa habari za Altamira kule Hispania, ambako nyati waliochorwa darini mwa pango walitangazwa na Mhispania Sautuola baada ya kuonekana mwaka 1879, naye akadhihakiwa na wasomi hadi mmoja wao, Cartailhac, alipokiri kosa lake mwaka 1902. Kisha huja pango la Lascaux kule Ufaransa, 1940. Kisha la Chauvet, hukohuko, 1994. Habari hizo zinajulikana na sitazirudia. Siku hizi hata wasomi wa Ulaya wamelegeza kamba: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kimepatikana kipande cha jiwe chenye mistari iliyochorwa kwa ngeu miaka 73,000 hivi iliyopita, na mwaka 2024 ilitangazwa picha ya nguruwe na watu kisiwani Sulawesi, Indonesia, yenye umri usiopungua miaka 51,200.

Basi Mtanzania naye anataka tarakimu yake. Anayo, ila anaitafuta ukutani ilhali iko ardhini.

Katika eneo hilohilo la Kondoa kuna pango liitwalo Kisese II. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba pale. Tabaka zenye mabaki ya kazi za binadamu zilishuka meta 6 au zaidi. Zana za mawe zilipatikana, ngeu ilipatikana katika tabaka nyingi, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pamoja na vipande vyake, zilizidi 5,000. Vitu hivyo vilikaa kwenye makasha ya makumbusho kwa miongo kadhaa, hadi watafiti walipovirudia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, wakiwa na tarehe 29 za kaboni zilizopimwa kwenye maganda yale yale. Shanga zinaanza kuonekana kati ya miaka 46,000 na 42,000 iliyopita, na hazikomi tena mpaka tabaka za juu.

Hebu fikiria kazi ya ushanga mmoja. Ganda la yai la mbuni ni gumu, na likitobolewa ovyo hupasuka penye tundu. Fundi alivunja kipande kidogo, akakitoboa kwa ncha ya jiwe huku akikizungusha taratibu, kisha akamega kingo zake na kuzisugua juu ya jiwe hadi zikawa mviringo. Ukiharibika hatua ya mwisho, kazi yote imepotea, na ndiyo maana wachimbaji hukuta nyingi zilizovunjika katikati. Ushanga hauchinji mnyama wala haukati mti. Umetengenezwa uonekane. Kama hiyo si sanaa, basi nielezwe sanaa ni nini. Tena si Kondoa peke yake: utafiti uliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka vituo 31 uliona kwamba, kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, watu wa Afrika Mashariki na wa kusini mwa bara walitengeneza shanga zilizofanana mno, dalili ya kuwa walikuwa na mawasiliano ya mbali. Na kule Kilifi, Kenya, katika pango la Panga ya Saidi, ambako watafiti walimkuta mtoto aliyezikwa miaka 78,000 hivi iliyopita, umepatikana pia ushanga wa kombe la bahari wenye zaidi ya miaka 60,000.

Lakini mgeni wa Kondoa hupelekwa mahali paitwapo Kolo kutazama michoro, na simlaumu. Miamba ya Kolo imechomoza mbele kama baraza ya nyumba, na chini yake wamo twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu, baadhi miili yao ikiwa imejazwa mistari. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi pale mwaka 1951, akinakili picha kwa karatasi angavu, na kazi hiyo ikatoka kama kitabu mwaka 1983. UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo wa mapango, zaidi ya 150, katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Kuna picha moja ya Kolo ambayo imezua maneno mengi kuliko zote. Watu watano wamesimama. Wa katikati ameshikwa mikono pande zote mbili. Leakey aliona utekaji: mwanamke anavutwa na wanaume wa upande mmoja, na wa upande wa pili wanamzuia asichukuliwe. David Lewis-Williams, bingwa wa michoro ya Wasan wa kusini mwa Afrika, akaja na jibu jingine: hiyo ni ngoma, na wa katikati amepandisha roho, wenzake wanamshika asianguke. Maelezo ya Leakey ni hadithi ya sinema. Ya Lewis-Williams yana uzito zaidi, lakini nayo yamesafirishwa kutoka maelfu ya kilometa kusini, kwa kigezo kikubwa kwamba Wasandawe, majirani wa michoro hii, wana lugha yenye vidoko, yaani sauti za kudokoa ulimi, kama Wasan. Wanaisimu wengi siku hizi hawakubali tena kuwa vidoko peke yake vinazifanya lugha hizo kuwa ukoo mmoja.

Nashangaa kwamba katika mabishano yote hayo chanzo kilicho karibu zaidi hutajwa kwa kupita tu. Mwanaanthropolojia Eric ten Raa alikaa na Wasandawe miaka ya 1960 na akachapisha makala mwaka 1971. Aliyoyaeleza yangetosha kubadilisha mjadala: kwamba kwa Wasandawe kuchora miambani hakukuwa habari ya watu waliotoweka, kulikuwa bado ndani ya kumbukumbu ya watu hai. Aliihusisha michoro na mambo zaidi ya moja: uwindaji, tambiko kwa mizimu ya ukoo, na simbo, ngoma ambayo wachezaji wake hugeuka simba ili kupambana na uchawi. Ona basi: kupandisha roho kumo, lakini ni sehemu tu. Baadaye Imogene Lim, aliyefanya utafiti Usandawe na kukamilisha tasnifu yake mwaka 1992, alitilia mkazo mahali kuliko picha, akihusisha michoro na tambiko kama iyari, linalofanywa wanapozaliwa mapacha. Mtanzania mwenzetu Fidelis Masao naye alikwisha kuchimba mapango ya Tanzania ya kati na kuchapisha kitabu mwaka 1979. Ni nani kati ya waandika vipeperushi amekifungua?

Juu ya michoro myekundu kuna mingine myeupe, minene, iliyopakwa kwa kidole: maumbo, alama, mifugo. Hii ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima na wafugaji waliokuja kuishi pale. Wataalamu wengi huipita haraka kwa sababu haina urembo wa ile myekundu. Mimi naona wamekosea, kwa kuwa hapo ndipo jiwe linapokutana na watu walio hai. Pango liitwalo Mungumi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko. Wenyeji huenda kuomba mvua na uponyaji, kwa pombe na mbuzi. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe inayomwagwa ukutani inaharibu michoro, na wana haki ya kulalamika. Ila mashimo makubwa pale hayakuchimbwa na wafanya tambiko. Yamechimbwa na wawinda hazina waliosikia kuwa Wajerumani walifukia dhahabu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa wanaoandika vipeperushi na mabango ya Kondoa, ombi langu ni dogo. Andikeni kwamba shanga kongwe za Kisese zina miaka 42,000 au zaidi, na kwamba umri huo umepimwa. Andikeni kwamba umri wa michoro myekundu haujathibitishwa. Na kabla ya kuandika maana yake, nendeni vijijini Farkwa na Kwa Mtoro mkawaulize wazee wa Kisandawe, na majina yao yatangulie yale ya wageni.