Kiongozi Hupimwa Akishaondoka: Marais wa Marekani na West Nile

Januari 1910, miezi kumi tangu akabidhi Ikulu ya Washington kwa mrithi wake, Theodore Roosevelt alikuwa amepiga kambi ukingo wa magharibi wa Mto Nile, katika nchi ambayo leo tunaiita West Nile. Alikuja kumtafuta kifaru mweupe. Yeye na mwanawe Kermit waliwapiga risasi vifaru weupe tisa, baba watano na mwana wanne. Mahali pale, mashariki ya mji wa Arua, bado panaitwa Rhino Camp.

Ndiyo maana siasa za urais wa Marekani si habari za kuletewa na redio tu katika pembe hii ya Uganda. Rais mstaafu wa Marekani alilala hapa hata kabla Arua haijawa makao ya wilaya. Miaka sitini baadaye, Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, alilumbana na marais wa Marekani mbele ya ulimwengu mzima. Leo sahani ya mkimbizi aliyeko Rhino Camp hujaa au hupungua kulingana na anayeshinda Washington. Watu wa Arua na Koboko wana haki kamili ya kuwatolea hukumu wagombea wa Marekani, tena kwa kipimo walichokilipia wenyewe: namna mtu anavyokiachia kiti, na anachofanya akishakiachia.

Bwana Mkubwa wa Rhino Camp

Roosevelt aliingia madarakani Septemba 1901 baada ya Rais William McKinley kuuawa. Aliposhinda uchaguzi wa 1904, usiku ule ule wa ushindi alitangaza kwamba hatagombea tena. Alitimiza neno lake. Machi 1909, akiwa na miaka 50 na bado kipenzi cha wengi, aliondoka akamwachia William Howard Taft, rafiki aliyemteua mwenyewe. Tarehe 21 Aprili akashuka Mombasa.

Safari ile ilikuwa ya kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa. Kermit, kwa kupenda kwake kujipamba, wakampa jina la Bwana Maridadi. Desemba 1909 msafara ulikuwa Entebbe na Kampala, kisha ukapitia Hoima na Butiaba, ukavuka Ziwa Albert na kuteremka na Nile. Hadi safari inamalizika, wanyama walioangushwa na bunduki za baba na mwana walikuwa zaidi ya 500.

Nchi aliyoiingia iliitwa Lado. Waingereza walimkodishia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, aishike maadamu yu hai. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909, wiki chache kabla ya Roosevelt kufika, na nchi ikawa inangoja kurudishwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaingizwa Uganda. Wenyeji hawakuulizwa lolote, si kuhusu kukodishwa kwao, si kuhusu kurudishwa, wala kuhusu vifaru wao.

Kwa kuondoka madarakani kwa hiari, Roosevelt anastahili sifa. Lakini kiti kilimwita tena. Mwaka 1912 alitaka kumnyang'anya Taft uteuzi wa chama cha Republican, akashindwa, akaunda chama chake. Oktoba akapigwa risasi mjini Milwaukee, na kabla ya kwenda hospitali akapanda jukwaani akahutubia na risasi ikiwa kifuani. Ujasiri haukumkosa, ila subira. Kura za chama zikagawanyika, Woodrow Wilson akapita na wajumbe 435, Roosevelt 88, Taft wanane. Aliyekuwa ameaga vizuri alirudi kuvunja nyumba aliyoijenga.

Vifaru wale nao hawakupona. Kufikia miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewamaliza vifaru wote wa Uganda. Wa jamii ile ya vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani wako katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, nao ni majike wawili tu, Najin na Fatu.

Simu ya Kampala kwenda kwa Nixon

Idi Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore mkutanoni. Mwanzoni mataifa ya Magharibi hayakununa. Uhusiano na Washington ulianza kuchacha Julai ya mwaka ule ule, Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, walipouawa huko Mbarara walipokuwa wakichunguza mauaji ya askari kambini.

Kisha ikaja Julai 1973. Katika salamu zake za sikukuu ya uhuru wa Marekani, Amin alimtakia Rais Richard Nixon apone haraka maradhi ya kashfa ya Watergate. Watu walicheka, na hadi leo kisa hicho huhadithiwa kama utani wa jemadari mcheshi. Siku hizo hizo ndege iliyobeba Wamarekani 112 wa kujitolea, waliokuwa wakielekea Zaire, ilizuiwa Entebbe kwa madai kwamba ni mamluki. Novemba ubalozi wa Marekani mjini Kampala ukafungwa.

Nyani haoni kundule. Nixon, kwa hila zake zote, alikuwa chini ya sheria. Mahakama ya Juu ya nchi yake ilimwamuru atoe kanda za mazungumzo yake, majaji wote walioketi wakikubaliana, na tarehe 9 Agosti 1974 akajiuzulu. Hakuwa mtu mwema kuliko wengine. Aliondoka kwa sababu palikuwa na mlango na watu wa kumwonyesha. Aliyemtania, mwaka 1976 akatangazwa rais wa maisha. Nchini Uganda mlango ulikuwa umezibwa.

Carter na bei ya kahawa

Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Jimmy Carter, aliyekuwa na mwezi mmoja tu madarakani, alisema hadharani kwamba matendo ya Amin yameuchukiza ulimwengu mzima uliostaarabika. Amin akajibu kwa kuwazuia Wamarekani wapatao 240 waliokuwa Uganda wasitoke nje ya nchi, akiwaita wakutane naye. Manowari ya Enterprise ikawa inazunguka Bahari ya Hindi. Baada ya siku chache Amin akalegeza.

Carter hapa ana lawama yake. Maneno yalikuwa makali, lakini Wamarekani, waliokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, waliendelea kununua, na fedha hizo ndizo zilizolisha jeshi. Serikali yake ilisitasita hata Bunge likaitangulia. Marufuku ya kahawa ilipatikana Oktoba 1978, mwezi ule ule majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, Tanzania. Kilichomwondoa Amin kilikuwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na tarehe 3 Juni Watanzania wakafika mpaka wa Sudan.

Gharama ya kiti kisichoachiwa ililipwa na ambao hawakukikalia. Oktoba 1980, baada ya askari wa zamani wa Amin kushambulia kutoka ng'ambo, jeshi la serikali mpya liliishukia West Nile. Arua na Koboko ziliteketezwa, na watu kwa maelfu mengi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa. Mkulima wa Koboko ambaye hakuwahi kuvaa gwanda aliulizwa kabila tu, na jibu likatosha kumhukumu.

Wiki chache baada ya moto ule, tarehe 4 Novemba 1980, Carter alishindwa vibaya na Ronald Reagan. Alikiri kushindwa kabla hata vituo vya kupigia kura vya majimbo ya magharibi havijafungwa. Mwaka 1982 akaanzisha Kituo cha Carter mjini Atlanta, na kuanzia 1996 kituo hicho kikawa kinasaidiana na Wizara ya Afya ya Uganda kupambana na usubi, ugonjwa wa upofu unaoenezwa na nzi wadogo wa mito yenye maji ya kasi. Maracha, Terego na bonde la Nyagak ni miongoni mwa sehemu zilizofikiwa. Kijijini, mgawa dawa husimamisha fimbo yenye alama, mtu akajipanga nayo, na urefu wake ndio unaoamua ameze vidonge vingapi. Hakuna hotuba hapo. Ni fimbo, maji ya kunywea dawa, na daftari la majina, mwaka baada ya mwaka.

Roosevelt alikuja baada ya Ikulu kuchukua vifaru. Carter baada ya Ikulu aliyafikiria macho ya watu. Nikiambiwa nichague rais wa Marekani aliyeifaa West Nile, sitachagua mshindi wa chaguzi nyingi. Nitamchagua huyu aliyeshindwa.

Waliokuja na sifa, waliokuja na amri

Machi 1998 Bill Clinton alizuru Uganda, wakati ambapo Washington ilimhesabu Rais Yoweri Museveni katika kizazi kipya cha viongozi wa Afrika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2005 ukomo wa mihula ukafutwa katika katiba ya Uganda, na Desemba 2017 ukafutwa ukomo wa umri. Julai 2015, mbele ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, Barack Obama alisema angeweza kugombea tena na kushinda, lakini sheria haimruhusu. Sheria hiyo, ya 1951, Wamarekani waliiweka baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne. Hata wao hawakutegemea adabu ya mtu, waliandika.

Arua ililionja suala la ukomo Agosti 2018. Mbunge wake Ibrahim Abiriga, aliyekuwa mstari wa mbele kutetea kufutwa kwa ukomo wa umri, alikuwa ameuawa kwa risasi mwezi Juni. Katika kampeni za kujaza kiti chake, Yasin Kawuma, dereva wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine, aliuawa kwa risasi mjini Arua. Kassiano Wadri alishinda uchaguzi huo akiwa kizuizini.

Marekani nayo ikapoteza haki ya kufundisha. Donald Trump alishindwa 2020, akakataa kukiri, na tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wake wakavamia jengo la Bunge. Siku nane baadaye Waganda walipiga kura intaneti ikiwa imezimwa. Trump alirudi kwa kura halali, na siku aliyoapishwa, 20 Januari 2025, akasitisha misaada ya nje kwa siku 90. Mwaka huo, kwa uhaba wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondolea chakula wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Rhino Camp ya vifaru sasa ni Rhino Camp ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini, na bakuli lao lilipungua.

Fedha ni za Wamarekani, na rais wao ana haki ya kuamua zitumikeje. Lakini kukata ghafla chakula cha mwenye njaa si uongozi. Nasi tusijifiche nyuma ya lawama hiyo. Serikali zetu ndizo zilizoacha tumbo la mtu wa Terego au Yumbe litegemee kura za watu wa Pennsylvania.

Cheo ni dhamana. Mwaka 2028 redio zitatujaza tena majina ya wagombea wa Marekani, na vijiwe vya Arua na Koboko vitagawanyika kana kwamba kura ni zetu. Tubishane, hakuna ubaya. Ila kabla ya kumshangilia yeyote, awe wa Washington, wa Kampala au wa chama chetu cha akiba hapa mtaani, tumuulize swali moja: ni kiti gani umewahi kukiachia bila kusukumwa, na ulifanya nini kesho yake? Asiye na jibu tusimpe kura.