Picha za Serikali, Tangu Vugiri Hata Pemba

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya katika kijitabu, mazungumzo yetu ni juu ya picha za sinema zilizofanywa na serikali ili kuwafundisha watu. Hatusemi habari za sinema za furaha, ambazo mtu hulipa kiingilio akaenda kuziona kwa hiari yake. Twasema habari za picha zilizoletwa bure mpaka uwanja wa kijiji, zikihubiri afya, kilimo na kuweka akiba. Nasi twaona kwamba mtu akiletewa kitu bure, si vibaya aulize ni nani aliyekilipia, na kwa sababu gani.

Huko Uingereza kazi hii ilipata nguvu mwaka 1926, serikali ilipoanzisha bodi ya kutangaza biashara ya nchi za ufalme wake. Bodi ile ilikuwa na idara ya sinema chini ya John Grierson, na ilipovunjwa mwaka 1933 idara hiyo ikahamia Posta. Picha zake zilikusudiwa kutazamwa na Waingereza wenyewe.

Picha za kumfundisha mtu wa Afrika ya Mashariki zilijaribiwa karibu nasi zaidi, mkabala wa Pemba ng'ambo ya mkondo, katika milima ya Usambara mahali paitwapo Vugiri. Tangu mwaka 1935 hata 1937, Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa msimamizi wa mashamba ya mkonge, pamoja na Bwana G. C. Latham, walitengeneza picha 35 kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Palikuwa na picha ya safura, ya chai, na ya akiba ya Posta. Waigizaji walikuwa wenyeji. Sauti haikuwamo katika filamu. Iliwekwa katika sahani za santuri, hata picha moja ikaweza kusemwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine bila ya kupigwa upya. Zikapakiwa katika lori, zikapelekwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Lakini fedha za Carnegie zilipokwisha, kazi nayo ikakoma.

Vita vilipozuka mwaka 1939, Serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, ikamweka William Sellers kuwa mkuu wake, mtu aliyewahi kufanya kazi ya afya huko Nigeria. Kwanza picha zilikuwa za vita. Baadaye zikawa za kilimo, usafi na malezi ya watoto. Sellers aliweka kanuni: picha iende polepole, isiruke kutoka mahali hata mahali, wala pasiwe na hila za kamera, kwa kuwa alidhani watu wa vijijini hawawezi kuzifuata. Husimuliwa kisa cha watu walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, wakasema kwamba kwao hakuna malaria, maana mbu wao ni wadogo. Kisa hiki kimesimuliwa kwa nchi nyingi mno hata twashindwa kujua ni wapi kilikotokea, kama kweli kilitokea. Na hata kama kilitokea, nani ajuaye kwamba msemaji hakuwa akifanya mzaha?

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa hesabu ile haikuwa ya haki. Mjini Unguja jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na Wete na Chake Chake nako zikapata sinema zao. Watu walitazama picha ndefu za Misri na za Kihindi, zenye nyimbo, machozi na visa vya kupinda, wakatoka wakibishana juu ya maana yake. Watu wa namna hiyo hawakosi akili ya kufahamu mbu. Wakichoka na picha ya choo cha shimo, labda ni kwa sababu ilikuwa ya kuchosha. Tena katika maonyesho ya gari la serikali alikuwapo mtu wa kipaza sauti, akifasiri kwa lugha ya wenyeji. Naye ndiye aliyeshika mkutano, maana mgeni asiyejua lugha hakuweza kujua alilotia wala alilopunguza.

Waliopendeza zaidi ni wale waliotunga hadithi. Mwaka 1952 ilitengenezwa huko Tanganyika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, juu ya mtu wa shamba aliyekuja mjini, na mwigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Idara ya Sellers yenyewe ilifungwa mwaka 1955.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali mpya ya Zanzibar haikuacha picha, iliziongezea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianzisha televisheni ya rangi, hali Bara haikupata televisheni yoyote mpaka mwaka 1994. Vyombo viliwekwa katika mahali pa hadhara, watu wakikusanyika jioni kama walivyokusanyika zamani mbele ya gari. Wengi walijivunia jambo hili, na walikuwa na haki. Lakini fedha za kigeni za serikali zilitoka karibu zote katika karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba, ambako mkulima alilipwa kipande kidogo tu cha bei iliyopatikana ng'ambo. Basi Mpemba aliyeketi chini kutazama alikuwa amekwisha kulipa kiingilio, naye hakupewa tikiti.

Umeme wa Pemba nao ulitegemea mitambo ya dizeli pale Wesha, mpaka mwaka 2010 ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga.