Chanjo za Watoto Kibondo na Kasulu: Kutoka Ndui hadi Homa ya Mafua

Mtoto anayezaliwa Kibondo au Kasulu hupewa chanjo za kumkinga na magonjwa zaidi ya kumi, lakini homa ya mafua haimo kati ya hayo. Katika nchi kadhaa tajiri chanjo hiyo hutolewa kila mwaka kwa watoto kuanzia umri wa miezi sita. Katika ratiba ya Tanzania haijaingia. Sababu zake hazianzii kwenye homa ya mafua yenyewe. Zinatokana na namna huduma ya chanjo ilivyojengwa katika nyanda za juu za Kigoma: kwa miguu, kwa baiskeli, kwa majokofu ya mafuta ya taa, na mara nyingi kwa kukimbizana na mlipuko uliokwisha kuanza.

Nchi hii ya Waha, yaani Buha, ni ya vilima na mabonde, na kwa sehemu kubwa imeinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Heru ilikuwa himaya ya upande wa Kasulu; Muhambwe na Buyungu zilikuwa upande wa Kibondo, kila moja na mtawala wake aliyeitwa mwami. Upande wa magharibi uko mpaka wa Burundi, na mashariki kuna misitu ya miombo na vinamasi vya Moyowosi na Malagarasi. Njia za misafara zilizokwenda Ujiji zilipita kusini mwa vilima hivi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita huko huko kusini. Vilima vikabaki kando ya njia kuu, ila si mbali nayo kiasi cha kukwepa magonjwa yaliyosafiri humo.

Ndui ndiyo iliyofungua historia ya chanjo katika eneo hili, kama ilivyokuwa kwingi Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 ilitembea pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ikaacha makovu usoni mwa walionusurika na upofu kwa baadhi yao. Chanjo yake ilifahamika Ulaya tangu 1796, lakini ute uliotumika uliharibika upesi kwenye joto. Shehena iliyotoka pwani ikiwa na nguvu iliweza kufika bara ikiwa haifai kitu. Tatizo hilo la joto na umbali halikuondoka pamoja na ndui. Lilirithiwa na kila chanjo iliyofuata.

Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliikuta Buha ikiwa mikononi mwa Wabelgiji, waliotwaa Kigoma mwaka 1916 na kuitawala sehemu hii hadi 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Ugonjwa uliletwa na meli, reli na majeshi yaliyokuwa yakirejea kutoka vitani. Askari na wapagazi wa Paul von Lettow-Vorbeck, waliosalimu amri Abercorn mwezi Novemba 1918, walipelekwa Tabora, na wengi wao walifia huko kwa homa hiyo. Katika Tanganyika nzima watu waliokufa walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wakati huo hakuna aliyejua kisababishi chake. Mjini Berlin, Richard Pfeiffer alikuwa ametangaza mwaka 1892 kwamba amempata mdudu wa homa ya mafua. Alichokipata kilikuwa bakteria mwingine, anayeingia mapafuni mara nyingi baada ya njia kufunguliwa na ugonjwa mwingine. Virusi vyenyewe vya binadamu vilitengwa London mwaka 1933, na chanjo ya kwanza ilitumika katika jeshi la Marekani miaka ya 1940.

Chini ya Waingereza, tiba Buha ilitawaliwa na ugonjwa mmoja: malale. Mbung'o walikuwa wamejaa miomboni, na katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wa sehemu kubwa ya Kibondo na Kasulu, ikawakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Ilikuwa hatua kali, iliyowatoa watu kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao. Ilileta pia kitu kipya: watu waliokusanyika waliweza kukaguliwa, kuhesabiwa na kuchomwa sindano. Zahanati ndogo za serikali za wenyeji ziliendeshwa na wahudumu waliofundishwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, na misheni zikajenga hospitali. Wakatoliki walijenga Kabanga, karibu na Kasulu, na Waadventista walijenga Heri, upande wa Manyovu. Kwa miongo mingi mama wa Buha aliyetaka mtoto wake apimwe uzito na kuchunguzwa alitegemea misheni kuliko serikali.

Vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kukata mkonge Tanga na kwingineko. Ndio walioitwa manamba. Waliporudi kwa reli baada ya miezi au miaka, walirudi na nguo, baiskeli na fedha ya kodi, na pengine maradhi ya makambini. Uhamaji huo unaeleza kwa nini eneo lililoonekana kujificha halikuwa salama dhidi ya surua, kifaduro na mafua. Maambukizi hayahitaji barabara ya lami.

Baada ya Uhuru mambo mawili yaliigeuza hali. La kwanza ni kampeni ya dunia ya kutokomeza ndui, iliyoanza kwa nguvu mwaka 1967. Ilitumia chanjo iliyokaushwa, iliyostahimili joto, na sindano yenye ncha mbili ambayo mtu angeweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Tanzania iliandikisha mgonjwa wake wa mwisho wa ndui mwaka 1970. La pili ni vijiji. Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, iliwaondoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika vilimani na kuwapanga katika vijiji kando ya barabara. Wengine walikwenda kwa hiari, wengi kwa kusukumwa. Kwa afya ya watoto matokeo yalikuwa na pande mbili. Nyumba zilizosongamana ziliipa surua nafasi ya kuenea upesi, lakini mchanjaji aliyekuwa akizunguka vilima wiki nzima sasa aliwakuta watoto mia moja chini ya mwembe mmoja. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilifika hadi huku, ikahimiza vyoo, maji safi na vita dhidi ya malaria.

Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975. Ulibeba chanjo za kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Ukaleta utaratibu ambao haujabadilika sana: mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, halafu miezi tisa kwa ajili ya surua. Tarehe huandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi hiyo hutunzwa nyumbani pamoja na hati nyingine za thamani. Kovu dogo begani likawa alama ya kizazi kizima.

Uhai wa mpango huo ulikuwa ndani ya jokofu. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Ya polio ya matone huharibiwa na joto. Ya pepopunda na dondakoo huharibiwa na kuganda. Zahanati za Kibondo na Kasulu hazikuwa na umeme, hivyo jokofu liliendeshwa kwa mafuta ya taa. Utambi ulipaswa kukatwa sawasawa na mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano ulitoa moshi, masizi yakaziba bomba, na baridi ikapotea. Jokofu lilipaswa kusimama pasipo mteremko hata kidogo, na tangi kujazwa kabla halijakauka. Mafuta yenyewe yalitoka Kigoma mjini au Kahama, katika barabara ambazo msimu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, uliweza kuzifunga kwa siku kadhaa. Muuguzi aliyelinda mwali huo usiku na mchana alifanya kazi ya kitaalamu ambayo taarifa za takwimu hazimtaji, na bila yeye asilimia za wilaya zisingekuwa na maana.

Kutoka zahanati, chanjo ilisafiri ndani ya boksi lenye vipande vya barafu, juu ya baiskeli au pikipiki, hadi vijiji vya mbali. Hiyo ndiyo huduma ya mkoba. Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake hudumu saa sita tu, kinachobaki humwagwa. Kila safari ilimlazimu mchanjaji kuamua: afungue kichupa cha dozi kumi kwa watoto watatu waliofika, au awaambie mama zao warudi siku nyingine, akijua baadhi hawatarudi? Kuanzia miaka ya 1990 vichupa vya matone ya polio, kisha vya chanjo nyingine, viliwekwa alama inayobadilika rangi kadiri joto linavyovila. Muuguzi akaweza kuona kwa macho kama dawa iliyo mkononi bado inafaa. Majokofu ya sola yalifuata, na mwali wa buluu ukaanza kustaafu.

Hakuna kilichoijaribu huduma hii kama mpaka. Warundi walikimbilia Kigoma mwaka 1972, na tena baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwaka 1996 vita vya Zaire viliwaleta Wakongomani, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa wilayani Kasulu. Kasulu ilikuwa pia na Mtabila na Muyovosi. Kibondo ikawa na Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago. Katika msongamano wa namna hiyo surua huua haraka, hasa watoto waliodhoofika kwa njaa na safari. Kwa hiyo chanjo ya surua, mara nyingi pamoja na vitamini A, huwekwa miongoni mwa mambo ya kwanza mgeni anapofika, sambamba na maji na chakula. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa, Msalaba Mwekundu wa Tanzania na mashirika mengine yalileta majokofu, magari na wauguzi. Wenyeji wa vijiji vya jirani walitibiwa humo pia. Ni haki kusema kwamba wilaya zilizobeba mzigo wa wakimbizi zilipata, kwa njia hiyo, huduma ambazo pengine zingechelewa.

Mwaka 2015 Warundi walikimbia tena. Wengi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, na mwezi Mei kipindupindu kikazuka. Walipohamishiwa Nyarugusu, chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa kwa kampeni kubwa mwezi Juni. Nduta ilifunguliwa upya mwaka huo, na Mtendeli mwanzoni mwa 2016.

Wakati huo huo ratiba ya kawaida ilikuwa ikinenepa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliunganishwa mwaka 2002. Mwaka 2009 ikaongezwa kinga dhidi ya bakteria yule yule wa Pfeiffer, katika aina yake ya b, inayosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2013 zilianza chanjo za nimonia ya pneumokoka na kuhara kwa virusi vya rota. 2014 ikaja dozi ya pili ya surua pamoja na rubela. 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana. Septemba 2023, baada ya polio inayotokana na virusi vya chanjo kugunduliwa Rukwa, Kigoma ilikuwa kati ya mikoa sita ambako wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba wakitoa matone kwa watoto walio chini ya miaka minane.

Chanjo za 2009 na 2013 zina uzito kuliko zinavyoonekana katika habari ya mafua. Wengi waliokufa mwaka 1918 hawakuuawa na virusi peke yake, bali na nimonia ya bakteria iliyoingia nyuma yake. Utafiti wa Soweto, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba chanjo ya pneumokoka ilipunguza kwa karibu theluthi moja kulazwa kwa watoto wenye nimonia inayohusiana na virusi. Mtoto wa Kasulu asiyechanjwa mafua ana sehemu ya kinga ambayo mtoto wa 1918 hakuwa nayo.

Mafua yenyewe yalianza kufuatiliwa rasmi nchini mwaka 2008, na Hospitali ya Wilaya ya Kibondo ikawa miongoni mwa vituo vilivyochaguliwa. Ute wa pua na koo huchukuliwa kwa wagonjwa wenye dalili, huwekwa kwenye baridi, na kusafirishwa hadi maabara ya taifa Dar es Salaam. Matokeo ya nchi huingia katika mtandao wa Shirika la Afya Duniani, ambalo hukutanisha wataalamu wake mara mbili kwa mwaka. Mwezi Februari huamua chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia iwe na virusi gani, na Septemba ile ya kusini. Viwanda huchukua kama miezi sita kuizalisha, kwa sehemu kubwa katika mayai ya kuku. Uamuzi hubadilika kwa sababu virusi hubadilika. Ukoo mmoja wa aina B, ule wa Yamagata, haujathibitishwa popote tangu Machi 2020, na chanjo za virusi vinne zimerudishwa kuwa za vitatu.

Hapo ndipo ugumu ulipo kwa nyanda za juu za Kigoma. Chanjo nyingine nyingi humkuta mtoto kliniki katika miaka yake miwili ya kwanza, wakati mama ana sababu ya kwenda. Ya mafua ingemtaka arudi kila mwaka, na mwaka wa kwanza mara mbili, wiki nne kati ya dozi na dozi. Mtoto wa miaka minne hana siku ya kliniki ya chanjo. Dozi za mwaka uliopita hazihifadhiwi. Hutupwa, na bohari huagiza upya. Kisha kuna swali la majira. Huko Ulaya mafua huja na baridi, na chanjo hutolewa vuli. Tanzania virusi hupatikana mwaka mzima, kwa vipindi vya kupanda na kushuka, hivyo haiko wazi kama Kibondo, nyuzi chache kusini mwa ikweta, ingefaa kufuata chanjo ya kaskazini au ya kusini, na itolewe kabla ya mvua au kabla ya kiangazi. Takwimu za vituo kama Kibondo ndizo zinazoweza kulijibu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwaweka wajawazito mbele ya makundi yote. Watoto wa chini ya miezi sita hawachanjwi mafua, na kinga yao hutoka kwa mama. Njia hiyo ingekuwa nyepesi zaidi kwa wilaya hizi, kwa kuwa mjamzito tayari huja kliniki kwa ajili ya sindano ya pepopunda.