Zuia: matumizi yake katika elimu ya ubongo

zuia *kt [ele]* Katika matumizi ya kawaida, kitenzi hiki humaanisha kufanya kitu kisipite au kisitendeke: ukuta huzuia maji, askari huzuia gari. Katika elimu ya ubongo maana yake ni finyu zaidi. Seli ya neva izuiayo haijengi ukuta. Huipunguzia seli jirani utayari wa kupeleka ishara.

Katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, takriban seli moja kati ya tano za neva ni ya aina hii. Seli hizo hutoa kemikali iitwayo GABA, ambayo hufungua vijia vya kloridi katika utando wa seli ipokeayo. Baadhi hujiunga na kiwiliwili cha seli jirani na kuratibu wakati wa ishara kutoka. Nyingine hujiunga na matawi yake na kupunguza nguvu ya ishara zinazoingia. Kwa sababu hiyo *dhibiti* mara nyingi hufaa kuliko *kandamiza*, neno lenye harufu ya uonevu.

Udhibiti huo ukizidiwa, seli nyingi hupeleka ishara kwa pamoja, na mwili hukakamaa na kutikisika. Kwa mtoto mwenye homa kali au malaria, hali hiyo huitwa *degedege*. Hapa tafsiri hugusa uhai. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa wenyeji walilitambua degedege kuwa ugonjwa wa pekee, tofauti na malaria. Wengi walilinasibisha na pepo na kuanza na tiba ya kienyeji. Tangazo linalotaja "malaria kali" pekee huweza kumpita mama ambaye mwanawe ana degedege. Linalotaja *kifafa* humpotosha, kwa kuwa kifafa hujirudia hata pasipo homa.

Sentensi "diazepamu huzuia degedege" ina utata, kwani msomaji huweza kudhani ni dawa ya kinga, ya kumpa mtoto mapema. Ni bora kuandika: "Diazepamu hukatiza degedege kwa kuongeza nguvu ya GABA." Na isiachwe peke yake, sentensi ifuatayo ieleze kwamba vimelea vya malaria huhitaji dawa yao, na kwamba mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja.